Kikapu cha Balozi Bakili

Bakili alikuwa kuli bandarini na balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu, pale Kariakoo inapoanza kuteremka kwenda Jangwani, na katika kazi hizo mbili aliipenda zaidi ile isiyomlipa. Ukuli ulimpa mshahara, mgongo mpana na kikohozi. Ubalozi ulimpa bendera ya chama ya kupandisha mlangoni kwake, na haki ya kuingia nyumba ya mtu yeyote kwa hodi moja. Mama yangu alikuwa akisema kwamba Bakili akiambiwa aende peponi, atauliza kwanza kama huko kuna tawi la TANU.

Alikuwa mtu wa Newala, kama marehemu baba yangu, Nassibu. Walikuja Dar es Salaam pamoja wakiwa vijana, wakapata ukuli pamoja, wakabebeshana marobota ya katani mpaka kila mmoja akaujua mgongo wa mwenzake. Baba alipojenga nyumba yetu ya udongo kule chini bondeni, Bakili ndiye aliyemkanyagia udongo. Na baba alipofariki, Bakili alisimama kaburini kabla watu hawajatawanyika, akasema mbele ya wote kwamba nyumba ya Nassibu ataitazama kama yake. Mama aliyaweka maneno hayo moyoni. Alikuwa mwanamke wa kuweka mambo.

Mama jina lake Waridi. Alipika vitumbua alfajiri, akavipeleka kwa mafundi waliokuwa wakijenga soko jipya la Kariakoo. Hakuwa na ndugu mjini. Alikuwa na mimi, chuma chake cha vitumbua, na nyumba ile. Paa lake lilikuwa la madebe, na milango baba aliichonga kwa mbao za makreti ya bandarini, hata mlango wa chumbani ulikuwa bado na herufi za kampuni ya meli. Mama alikuwa akizipangusa herufi hizo kwa kitambaa kila Ijumaa, na hakujua kusoma.

Mimi nilimcheka sana Bakili kwa mapenzi yake kwa Serikali, lakini nilijua yalikotoka. Enzi za Mwingereza, msimamizi mmoja alimpiga teke mbele ya wenzake kwa sababu alikaa juu ya gunia apumzike. Baada ya Uhuru kiongozi mmoja alifika bandarini, akamshika mkono wake wenye vumbi la saruji, akamwita Ndugu. Tangu siku hiyo ukimwambia Serikali imekosea alinuna kama umemtukania mama yake. "Serikali si mtu baki," alikuwa akisema. "Ni sisi wenyewe, tumevaa viatu."

Tatizo letu lilikuwa maji. Kila masika bonde lilijaa, na masika yaliyotangulia yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda chetu. Halmashauri za miji zilikuwa zimevunjwa miaka ile, na ukiuliza mitaro ni ya nani, ofisi hii ilikuelekeza ile na ile ikakurudisha hii. Bakili akasema tujitegemee. Akaitisha watu na majembe kila Jumapili, tuchimbe mtaro wa kuyapeleka maji ya mitaa ya juu moja kwa moja mtoni. Ili kuonyesha mfano, alipiga jembe la kwanza mbele ya mlango wake mwenyewe, ambao ulikuwa juu, na kuanzia hapo tukashuka nao. Fundi yeyote angetuambia mtaro huanzia unakomwagikia. Hatukuwa na fundi, tulikuwa na balozi.

Mtaro ulikuwa umefika karibu na nyumba yetu, ukakwama kwenye mawe na mizizi, wakati Mwalimu Gaudens alipotutangazia safari.

Mimi na Mboni, mtoto wa pekee wa Bakili, tulikuwa darasa la saba pamoja. Mwalimu Gaudens alitufundisha siasa. Alikuwa Mchaga, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliamini kwamba mtoto asiyeiona Serikali kwa macho yake ataiogopa au ataiabudu, na yote mawili ni hasara. Akasema darasa zima litakwenda Karimjee, ambako Bunge lilikuwa likikutana siku zile, tukaone nchi inavyoendeshwa. "Mtakaa kimya, mtatazama, mtarudi mtaandika insha," alisema.

Mboni alipompelekea baba yake habari hiyo, Bakili alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia kwamba mwanawe ameitwa Bungeni.

Jioni ile ile baraza la nyumba yake lilijaa watu. Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo nitaonekana namsimanga marehemu. Kwetu, kwa wazee wa kule Newala, ukitaka neno kubwa kwa mtu humwendei mikono mitupu. Unatuma chombo, na ndani yake kitu. Mwenyewe anakipokea, anatoa kilichomo, anakaa na ombi lako. Akikubali, chombo kinarudi kikiwa na kitu ndani, hata chumvi kidogo inatosha. Akikataa, kinarudi kitupu, na hakuna anayeulizana. Ndoa zimeposwa hivyo, na ugomvi wa mashamba umekwisha hivyo. Chombo kilisema, watu wakabaki na heshima zao.

Kwa hiyo Bakili alitoa kikapu chake cha ukindu chenye mistari myekundu, alichosukiwa na mama yake, akakijaza korosho zilizokaangwa, ambazo kaka yake alikuwa amemletea kutoka kusini. Akamweka Mboni mbele yake, akamfundisha.

"Wakinyamaza, simama. Wape shikamoo kwanza, wale ni wakubwa zako. Halafu sema, Balozi Bakili wa Jangwani anawasalimu, anaomba katapila la kumalizia mtaro. Basi. Usiongeze neno."

"Balozi," mama alisema kutoka pembeni, "watoto wanaenda kutazama."

"Shemeji, mkono mtupu haulambwi."

"Sisemi habari ya mkono. Nasema hawakuitwa kusema."

"Mtu ameingia nyumbani kwako, amekusalimu, utakosa kumuuliza ana shida gani?" Bakili alisema, na watu barazani wakaitikia kwamba ni kweli. Mama alimwita Bakili Shemeji akiwa radhi na Balozi akiwa amekasirika, na yeye alijua, lakini siku ile furaha ilimziba masikio.

Tulikwenda kwa miguu, wawili wawili, sare zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Tulipita Mnazi Mmoja, tukakata Uhindini, tukatokea Posta ambako makarani walisimama mlangoni kututazama. Mboni alibeba kikapu kichwani na hakucheka na mtu. Mwalimu Gaudens alimuuliza amebeba nini, akajibu, "Salamu za baba, Mwalimu." Nafikiri mwalimu alidhani ni chakula cha njiani, mtoto anaona haya kusema.

Mlangoni pale Karimjee askari mmoja mtu mzima alinyoosha mkono. "Kikapu hakiingii, binti."

"Ni salamu za baba yangu kwa Serikali, afande."

Askari akafunua, akanusa, akamtazama Mboni. Hakucheka, na kwa hilo namwombea mema mpaka leo. "Baba yako mtu wa wapi?"

"Newala."

"Nitazifikisha," alisema, akamwita mtu wa jikoni, akamkabidhi.

Tukapandishwa mahali pa wageni. Nilikuwa sijapata kuona watu wazima wengi namna ile wamenyamaza kumsikiliza mmoja. Feni zilizunguka juu, Spika alikaa kwenye kiti kirefu, na kila aliyetaka kusema alisimama kwanza akamtaja yeye, hata kama alikuwa anamjibu mwingine. Mbunge mmoja wa mkoa wa mbali aliuliza daraja la kwao litajengwa lini. Waziri mdogo akajibu kwamba daraja hilo Serikali inalifahamu, nalo litajengwa fedha zikipatikana. Mbunge akasimama tena, akasema mwaka jana alijibiwa hivyo hivyo. Waziri akajibu kwamba mwaka huu fedha zinatafutwa kwa bidii zaidi. Ukumbi ukacheka, na waziri mwenyewe akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Nilielewa tu kwamba nchi ilikuwa na mito mingi na madaraja machache, na kwamba kama mwenye kiti chake humo ndani anangoja, sisi wa bondeni tulikuwa nyuma kabisa ya foleni.

Kisha Spika akawa anafunua karatasi zake, na ukumbi ukatulia. Nikamwona Mboni anasimama.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema kwa sauti ya kuimbia.

Shuleni kwetu mmoja akisimama kumwamkia mkubwa, wote husimama. Nusu ya darasa ikanyanyuka, mimi nikiwemo, viti vikapiga kelele. Mwalimu Gaudens alishika kichwa. Kule chini waheshimiwa waligeuza shingo kutazama juu, na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akanyanyua mkono, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Watu wakacheka, kicheko cha wema. Lakini mhudumu alikwisha kufika, akamshika Mboni bega akamkalisha, na habari ya katapila ikaishia mdomoni.

Tulipotoka walitukaribisha chai nyuma, penye kivuli. Kulikuwa na mikate iliyopakwa siagi, na katika sahani kulikuwa na korosho. Mboni alizitambua kabla yetu, maana mama yake huziacha ziungue kidogo upande mmoja. Jikoni walikuwa wameona korosho, wameona wageni, wakazipakua. Salamu za Balozi Bakili kwa Serikali tulizila sisi wenyewe, na zilikuwa tamu.

Askari alimrudishia Mboni kikapu chake kikiwa kitupu. Mwalimu Gaudens, ambaye kwao kikapu ni kikapu, aliona vipande vya mkate vimebaki mezani na mtoto amebeba chombo hakina kitu, akavifunga kwenye karatasi, akavitia humo. "Mtakula njiani," alisema. Mboni hakuvigusa. Mkate wenye siagi kwao ulikuwa kitu cha Idi, akamwekea baba yake.

Bakili alikuwa akitusubiri mlangoni na nguo zake za kazi. Hakumtazama mtoto usoni, alitazama kikapu kwanza. Akakishusha mwenyewe, akafungua karatasi.

"Walikuitikia?" aliuliza.

"Mzee mmoja aliitikia, baba. Lakini la katapila sikulisema. Walinikalisha."

"Mkate huu umetoka wapi?"

"Huko huko. Mwalimu ndiye aliye..."

"Umetoka huko huko," Bakili alirudia, na macho yakamlowa. Mtu aliyepigwa teke kwa kukaa juu ya gunia alikuwa ametuma chombo mpaka Bungeni, na chombo kimerudi na kitu ndani. Mboni alisema tena kwamba ni mwalimu, na mimi nikasema, na hata mwalimu mwenyewe angekuja angeambiwa kwamba vijana hawajui lugha ya wakubwa. Bakili aliukata mkate vipande vidogo vidogo, akampelekea kila mwenye nyumba kipande chake. Mama alikipokea cha kwetu, akakiweka juu ya kinu, kikaliwa na sisimizi.

Jumapili iliyofuata majembe hayakutoka. Mama alijifunga kanga kiunoni, akapanda mpaka barazani kwa Bakili, na mimi nyuma yake.

"Shemeji, mkate ule katia mwalimu, Mchaga wa watu. Hajui chombo kinasema nini. Tumalize mtaro wetu."

"Serikali imeshapokea, shemeji. Katapila linakuja."

"Likija litatukuta tumemaliza. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya upo," Bakili alisema, kwa upole kabisa. "Umemwomba mtu, amekubali, halafu unafanya mwenyewe mbele ya macho yake. Unamwambia humwamini. Huo si uungwana."

"Usipoziba ufa, Balozi."

Watu waliokuwa barazani walimsogelea Bakili, si mama. Nisimsingizie marehemu peke yake. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge, mawe yalikuwa makubwa, na mtu aliyechoka ukimwambia kupumzika ni uungwana, anakuwa muungwana papo hapo. Mama alichimba peke yake Jumapili hiyo na nyingine, mimi nikizoa udongo kwa karai. Alifika kwenye jiwe moja, akalizunguka, akalikuta lina ndugu zake. Akaacha.

Masika yaliingia kwa hasira. Mvua ilinyesha kutwa, ikalala ikinyesha, ikaamka nayo. Ijumaa alasiri maji ya Kariakoo yote yaliingia katika mtaro wetu pale mlangoni kwa Bakili, yakashuka vizuri kabisa, kwa kasi, kama tulivyokusudia, mpaka mahali tulipoacha kuchimba. Hapo yakatoka, na mbele yake ilikuwepo nyumba ya Nassibu. Bila mtaro yangetapakaa, kila mtu apate yake ya kuchota. Mtaro nusu uliyakusanya ukayaleta kwetu.

Sijasahau jinsi Bakili alivyoshuka. Alishuka ndani ya maji na mgongo wake wa bandarini, akambeba bibi wa jirani, akabeba watoto wawili wawili, akabeba godoro letu, akarudia chuma cha vitumbua. Hakuna aliyekufa, na wanaosema ni kwa sababu yake wanasema kweli. Alirudi tena kuushika ukuta wa mbele kwa mabega, kana kwamba ni robota linaloteleza. Mama alimwita atoke. Alipotoka tu ukuta ukalala chini, paa likaufuata, na ule mlango wenye herufi ukaelea kuelekea mtoni mbele ya macho yetu.

Bakili alisimama mbele ya mama, maji yanamtiririka. "Shemeji," alisema.

"Yako imesimama, Balozi," mama alimjibu.  Mimi ningependa angepiga kelele.

Tulipata chumba Mtaa wa Narung'ombe, nyuma ya duka la Elisaria, Mchaga aliyekuwa akinunua vitumbua vya mama. Hatukukaa sana kabla Bakili hajabisha hodi. Alileta kile kikapu. Ndani alikuwa ametia unga, sukari ambayo kuipata wakati ule ilikuwa foleni, na kanga mpya. Alikiweka kizingitini kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, nimeleta chombo," akaondoka bila kungoja chai.

Mama alielewa, nami nilielewa. Alimimina unga, alimimina sukari, kanga akaikunja. Kikapu akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Hapo ndipo ninapomkasirikia mama yangu, Mungu amrehemu. Angekirudisha kitupu, Bakili angejua amekataliwa, angelia, yangekwisha. Angetia chumvi kidogo, wangekunywa chai. Yeye hakukirudisha. Nilipomuuliza alisema, "Kikapu hakiozi." Alitaka Bakili aonje kungoja. Alikuwa na haki yake, simnyimi, nyumba ilikuwa ya mumewe. Lakini haki nayo ina kiasi, kama chumvi.

Bakili alijiuzulu ubalozi. Chama kilimbembeleza, akasema apewe mwingine mwenye akili. Bendera akaikunja akaipeleka kwa balozi mpya kwa mikono yake. Kadi ya chama alibaki nayo, na Serikali hakuisema vibaya hata siku moja. "Haikunidanganya," alimwambia mtu aliyemchokoza. "Ni mimi niliyejijibu." Mkate hakuula tena. Mboni akimwekea mkate na chai, alikunywa chai.

Na Jumapili akarudi kwenye mtaro, peke yake, na jembe na nyundo ya mawe. Watu wa chini wengine walikwisha kuhamia viwanja vipya, nyumba zilibaki chache, na watani walimuuliza anamchimbia nani.  Aliyavunja yale mawe moja moja mpaka mtaro ukafika mtoni. Masika yaliyofuata maji yaliingia juu, yakashuka, yakapita pembeni mwa kiwanja chetu kilichokuwa kitupu, yakaenda zake. Ule mtaro ulifanya kazi barabara. Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, maana alisimama kwenye mvua akautazama mpaka Mboni akaja kumshika mkono.

Kila asubuhi alipita Narung'ombe kwenda bandarini, ingawa haikuwa njia yake. Mlango wetu ukiwa wazi alisema, "Hamjambo humu?" Mama alijibu, "Hatujambo." Macho ya Bakili yalikwenda ukutani, kwenye msumari, mara moja tu, kisha akapita. Chombo haulizwi. Angeuliza angekuwa amevunja desturi, na desturi ndiyo iliyokuwa imembakia.

Miaka ikapita hivyo. Soko jipya likafunguliwa, mama akapata kimeza karibu nalo. Mboni akawa karani, mimi nikajifunza kushona. TANU ikageuka CCM. Kikapu kilishika vumbi, na mama alikuwa akikipangusa kila Ijumaa, kama zile herufi. Nilimwona akifanya hivyo, nikadhani siku ya kukirudisha inakaribia.

Kisha asubuhi ikawa hakuna "Hamjambo humu." Siku kadhaa hakuna. Mama alianza kuacha mlango wazi hata kwenye vumbi. Jioni moja Mboni akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda chini ya kikapu, bila kukitazama.

"Baba anaumwa, Mama. Kifua."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Anaulizia tu kama huku mvua imewaingilia."

Mama akasema, "Mwambie kesho nakuja." Mboni alipotoka, mama akapanda kitandani mwenyewe, akakitungua kikapu, akakiosha, akakianika. Akaloweka mchele. Nilimwambia usiku haujaingia, tupeleke sukari, tupeleke hata ndizi, dukani kwa Elisaria pako wazi.

"Kitu cha dukani?" alisema. "Bakili ameningoja miaka yote hii, nimpelekee kitu cha kupimiwa kwenye mizani? Alivipenda vitumbua vyangu tangu Nassibu yuko hai. Mchele lazima ulale ndio usagike."

Aliimba kidogo akichagua iliki. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu bondeni.

Alfajiri alisaga, akaumua, akakaanga. Alivitupa vilivyoungua hata kidogo, akaanza upya, ikawa jua limekwisha kupanda. Akavipanga ndani ya kikapu kimoja kimoja, akavifunika kwa ile kanga aliyoletewa, ambayo hakuwa ameivaa hata mara moja. Tukateremka. Vilikuwa bado vya moto, nilisikia joto lake nilipompokea kwenye kona. Tulipoifikia ile barabara ya zamani tukaona wanaume wamekaa nje ya nyumba ya Bakili kwenye mikeka, na wengine wanatoka na majembe. Mama alisimama. Niliyachukua majembe yale kuwa ya mtaro, kwa sekunde moja, kwa ujinga wa moyo.

Alikuwa amefariki kabla ya adhana ya alfajiri. Mboni alisema alimpa ujumbe usiku, kwamba Mama Waridi anakuja kesho, na aliuliza, "Anakuja na nini?" 

Nyumba ya msiba haiwashi moto, kwa hiyo watu walikuwa na njaa. Waliporudi kutoka makaburini, Mboni alikipitisha kikapu kwa waliochimba kaburi, na walikula mpaka wakafikia ukindu. Mmoja wao, kijana wa bandarini, aliuliza nani kaleta vitumbua vitamu namna hii.

"Ni vya baba," Mboni alimjibu. "Karudishiwa chombo chake."

Mama alikuwa amekaa na wanawake, ukutani. Alivuta kanga ikamfunika uso, na mimi niliyekuwa karibu naye ndiye niliyemsikia.

"Chumvi ilikuwepo ndani, Bakili," alisema. "Jana jioni chumvi ilikuwepo."